Siku Nzima Kwenye Kiti

Tak Yeo-jin alikuja kupanga kwangu, hapa mtaa wa Noryangjin, mji mkuu, akiwa ameshashindwa mara mbili mtihani wa taifa wa kuingia vyuo. Vyumba vya nyumba ninayoisimamia ni vidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na wapangaji karibu wote ni watu wa kurudia mitihani. Wanapishana koridoni kama hawaonani. Binti huyu alikuwa mkimya kuwashinda wote. Kwao ni Goheung, kusini kabisa, alikolelewa na bibi yake wakati mama yake akifanya kazi kiwandani Yeosu.

Hakuwa mjinga. Asubuhi, kwenye Kikorea na hesabu, alikuwa anafanya vizuri. Tatizo lilikuwa baada ya chakula cha mchana. Akili ilizima, akawa anasoma aya moja ya Kiingereza tena na tena, haimwingii. Mwalimu wake alimwambia asiongeze vitabu. Ajifunze kukaa kitini mpaka jioni.

Basi kila Jumapili alijifungia chumbani akafanya mtihani mzima, kwa saa zilezile za siku yenyewe, asubuhi mpaka jioni. Mwanzoni alikuwa anatoka na macho mekundu kabla hata ya Kiingereza. Akaondoa mto kwenye kiti, maana viti vya shule havina mto. Mchana alikula wali kidogo na yai, akarudi mezani hata kama kope zinamwangukia. Jirani alipokohoa nyuma ya ukuta nikataka kumhamisha, akakataa. Alisema siku ya mtihani pia watu watakohoa.

Majani yalipoanza kukauka alinikuta jikoni.

"Mama, leo jioni imefika sijachoka."

Nikampongeza. Akasimama pale kidogo, kama mtu ambaye bado ana maneno, kisha akarudi chumbani. Nadhani wiki ile hakuwa amezungumza na mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata, mchana, simu ya nyumba ikalia. Alikuwa mama yake. Alisema simu ya binti haipatikani, akaniomba nimwite. Hakusema kuna nini. Nikagonga mlango, nikamwambia mama yako yuko kwenye simu.

"Nimebakiza Kiingereza na masomo ya mwisho tu," akajibu toka ndani, kwa sauti ya upole. "Mwambie nitampigia jioni."

Nikapeleka jibu.

"Basi mwache, dada," mama akasema. "Mwache amalize."

Jioni Yeo-jin alipopiga, bibi yake alikuwa ameshafariki. Mchana ule alikuwa bado anaongea, anamuulizia. Mama alitaka tu kumwekea bibi simu sikioni.

Alisafiri usiku uleule kwenda mazikoni. Aliporudi hakulia mbele yangu. Jumapili akajifungia tena, akakaa mpaka jioni.

Siku ya mtihani ilikuwa baridi. Aliniambia baadaye kwamba mchana, wakati wa kusikiliza Kiingereza, nchi nzima ilipotulia na hata ndege zikazuiwa kutua ili watahiniwa wasisumbuliwe na kelele, akili yake ilikuwa safi kabisa. Hakupotewa na neno hata moja. Alisema hilo ndilo lililomtisha: kwamba aliweza.

Jioni, kwenye geti la shule alikofanyia mtihani, wazazi walikuwa wamejaa, wanakumbatia watoto wao. Yeye aliinamisha kichwa apite, kama alivyofanya mara mbili zilizopita, mtu akamshika mkono wa koti. Alikuwa mama yake, ameomba ruhusa kazini.

"Umechoka?"

"Hapana."

Wakatembea hatua kadhaa.

"Mama, bibi alitaka kuniambia nini?"

"Alikuwa anauliza kama unakula vizuri," mama akasema. "Hakuwa na jambo lingine."

Hapo ndipo Yeo-jin alipokaa chini, kando ya barabara, watu wakimpita.

Alipata nafasi chuo cha ualimu, Jinju. Alirudi kwangu masika kuchukua godoro na sufuria yake. Nikamuuliza maisha ya huko yakoje. Akasema wanalala watatu chumba kimoja, na wenzake wanapiga soga mpaka wanapitiwa na usingizi.

"Na wewe?"

"Mimi nasikiliza, mama," akasema. "Bado sijajua pa kuingilia."

Nikamsaidia kushusha godoro ngazini.