Stashahada Yangu na Mrija wa Kwanza

Nilipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, walisema sitafika popote. Jirani yetu hapa Sibwesa alinicheka mbele ya shangazi aliyenilea: "Historia ya Wayahudi? Si imo kwenye Biblia, na Biblia mnayo ndani?"

Shangazi akamjibu, "Basi atarudi mchungaji."

Nilikanusha, hawakusikia. Wakanikopesha kama mchungaji mtarajiwa: shangazi mbuzi wake, jirani sanduku la safari, mdogo wangu mpunga wa msimu mzima.

Nilirudi kutoka ng'ambo na stashahada ya uzamili. Nasema bila haya: kata nzima hakuna mwingine aliye nayo. Herufi za Wayahudi nilijifunza ukubwani, nikawapita wenzangu waliokulia katikati ya vitabu.

Nyumbani nikamkuta mdogo wangu katekista. Aliishia la saba. Lakini mtu akitaka habari za Waisraeli, alinipita mlangoni akaenda kwake. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu yupo?"

"Ndiye mimi."

"Hapana, yule anayejua."

Nilimwonea wivu mdogo wangu. Msimu ule nililima mpunga kwa hasira, na baada ya mavuno nikawaita wote walionikopesha. Kwetu sisi wenye asili ya Burundi, deni halirudi kavu. Linarudi na mtungi wa pombe ya kunyonya kwa mirija, na anayeheshimiwa ndiye anayepewa mrija wa kwanza. Mbuzi, sanduku jipya, magunia ya mpunga, vyote niliviweka uani watu wavione. Mrija alikuwa nao shangazi, ndiye mgawaji. Macho yangu hayakubanduka hapo.

Mdogo wangu akauliza, "Kaka, Biblia ikishaisha, hao watu walikwenda kuishi wapi?"

Nikamwambia: ugenini. Walishona nguo, wakauza chumvi, wakasubiri vibali vya kukaa, na wengine walifukuzwa na vibali vyao mkononi. Wazee waliovuka mpaka wa Burundi na mikeka kichwani wakasogeza vigoda karibu.

"Mbona hao ni watu wa kwetu kabisa," jirani akasema.

Shangazi akaninyooshea mrija. Nilivuta taratibu, nikimtazama mdogo wangu ili aone vizuri.

Chakula kilipoletwa, shangazi akasema, "Haya, katekista atuombee." Wanaume wote wakavua kofia. Mimi nilipokuwa nikieleza, hakuna aliyevua.