Dirisha la Padre na Kitenzi cha Kurudi

Mama mkwe wangu na mimi hatukuwahi kupeana mkono, na si kwa sababu ya ugomvi. Kwetu, mwanamume na mama aliyemzaa mke wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Ni heshima. Anayeiona kuwa chuki hajaoa kwetu.

Shida ni kwamba mwishoni mwa miaka ya themanini sote wawili tulikuwa tumeajiriwa katika boma moja, misheni ndogo nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mimi nilikuwa fundi wa pampu za visima. Yeye alikuwa mpishi katika nyumba ya Padre, na alikuwa amepika pale tangu mke wangu akiwa shule ya msingi. Njia fupi kutoka getini hadi karakana yetu ilipita mbele ya mlango wa jikoni, kwa hiyo mimi nilizunguka nyuma: nilipita kando ya choo, nikaruka mtaro, nikajipenyeza kwenye ua wa michongoma. Viatu vyangu viliisha mapema kuliko vya mafundi wengine. Mama mkwe akiwa na neno nami, alimwambia binti yake, na binti yake akaniletea jioni likiwa limeshapoa.

Padre alikuwa mzee Mhispania mwenye masikio makubwa na Kiswahili cha kutosha kuhubiri na kununua kuku. Aliniona nikizunguka kila siku, akaamua mwenyewe kwamba nimekosana na mpishi wake. Jumapili tatu mfululizo alihubiri juu ya kusameheana huku akinitazama mimi. Nilikaa kwenye benchi nimeinamisha kichwa, nikijiambia kwamba siku moja nitamweleza. Sikumweleza. Ukishachelewa kueleza jambo kama hilo, hujui tena uanzie wapi.

Ndipo ikaja barua kutoka nchi ya Padre. Shule moja ya ufundi ilikuwa tayari kumpokea fundi mmoja wa misheni yetu kwa mwaka mzima, ajifunze zile pampu zilizotengenezwa huko, ambazo zilitutoa jasho kila mvua zilipoanza. Nilizitaka hizo pampu zinitii. Nilikuwa nimechoka kufika kwenye kisima, akina mama wamepanga mitungi, halafu nirudi nyumbani nimewaachia kisima kilekile kilichokufa. Padre akasema nafasi ni yangu, ila kwa sharti.

"Maneno utayaokota hukohuko," aliniambia. "Mimi nataka kitenzi kimoja tu. Kizima, kutoka kichwani mpaka mkiani, nyakati zote na hali zote, bila kutazama karatasi. Nakupa miezi mitatu. Ukishindwa, barua naipeleka misheni ya pili."

Kitenzi alichochagua kilikuwa regresar, yaani kurudi. Nilipomuuliza kwa nini hicho, alisema wengi aliowahi kuwapeleka walijua kusema kwenda tu.

Nikadhani ni kazi ya wiki moja. Kitenzi kimoja ni nini kwa mtu anayeweza kufungua pampu nzima na kuirudisha bila kubakiza skrubu? Lakini sisi Waswahili, na hata tunaokisema Kiswahili cha kuazima kama mimi, tunabadilisha kichwa cha neno na kuuacha mkia utulie: nilirudi, ulirudi, tutarudi. Hawa wanakiacha kichwa kikae na kuuchezesha mkia. Regreso, narudi. Regresé, nilirudi. Regresaba, nilikuwa nikirudi. Regresaré, nitarudi. Regresaría, ningerudi. Na kila mkia una watoto sita, kwa maana mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao kila mmoja anadai wake. Usiku niliota mikia.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Jioni alikaa mlangoni pa chumba chetu cha kupanga akipukuchua mahindi, daftari langu liko wazi kwenye goti lake, na kila nilipokosea alinirushia punje. Hakuwa amesoma Kihispania hata siku moja. Alisema "legresal", nami nikacheka, naye akasema, "Wewe cheka tu. Mimi si ndiyo siendi mahali."

Tulipofika kwenye ile hali ya kutaka na kutamani nilikata tamaa kabisa. Regresa ikawa regrese, na sikuona sababu. Nililitupa daftari. Mke wangu akaliokota, akalitazama, akasema polepole, "Ati hiyo si ni kama yetu? Anasema. Nataka aseme. A inakuwa e. Sasa hapo unalia nini, bana?"

Miezi miwili Padre alikuwa amenieleza jambo lile kwa mikono na kwa michoro, na mke wangu alikuwa amelimaliza akiwa na gunzi mkononi. Nilijisikia mjinga, na nilifurahi sana kuwa mjinga aliyeoa vizuri.

Jumamosi moja nikapanda Kitale, nyumbani kwa wazazi wangu Kibomet, kumjulisha baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za ndege wala za baridi. Aliuliza swali moja tu: "Mama mkwe amesema nini?"

"Bado hajasema, baba."

"Basi hujaaga. Unamwachia mtu binti yake mwaka mzima, na yeye hajasema? Uende na neno lake." Halafu akanipa koti lake la harusi nivae siku ya mtihani, nikajua kwamba kwa upande wake ameshaniruhusu.

Neno la mama mkwe halikuja. Kila mke wangu alipomuuliza, alijibu "Nimesikia," akaendelea kuchambua mboga. Nililijua lililokuwa moyoni mwake. Jirani yake kule Bumula alikuwa na mkwe aliyekwenda ng'ambo, akaandika barua mbili, kisha kimya, na binti wa watu akabaki akisubiri na watoto wawili. Mama mkwe alikuwa amemwona yule binti akisubiri. Sikuwa na la kumlaumu, ila lilinichoma. Nilitaka nisimame mbele yake niseme: mama, mimi si yule. Na hilo ndilo jambo moja ambalo sikuweza kulifanya.

Mtihani ulipangwa saa nne asubuhi, na mama mkwe aliambiwa hivyo na binti yake ili asije sebuleni. Lakini asubuhi Padre aliitwa kwa mgonjwa upande wa Webuye, akarudi mchana, mtihani ukasogezwa hadi saa tisa. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mpishi.

Tukakaa sebuleni mwa Padre. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa upande wa jikoni. Nyuma yangu kulikuwa na dirisha pana, limefunguliwa, na nje yake bustani ya sukuma wiki. Nilianza. Wakati uliopo ukapita. Uliopita ukapita. Ujao, wa masharti, zile nyakati za maneno mawili zenye "habré" na "había", zote zikatoka zikiwa zimenyooka, na Padre akawa anatikisa masikio yake kwa furaha. Nikaingia kwenye kutamani kwa wakati uliopita, mahali pagumu kuliko pote: regresara, regresaras, regresara…

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe aliingia na sinia la chai.

Sikuwaza. Mtu akiniuliza leo niliwaza nini, nitamwambia ukweli, sikuwaza kitu. Niliona kanga yake na ncha ya sinia, na miguu yangu ikanitoa nje kwa dirisha, koti la harusi la baba na yote. Nilianguka kwenye sukuma wiki. Ilikuwa imenyesha.

Nilikaa palepale kwenye matope nikaanza kuhesabu nilichopoteza. Mwaka wangu, pampu zangu, koti la baba. Mtu gani anaruka dirishani katikati ya mtihani halafu anapewa tikiti ya ndege? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kutoka ndani nilisikia sinia likiwekwa chini, nyayo zikikimbilia jikoni, kisha Padre akiita kwa mshangao. Halafu sauti ya mama mkwe ikatokea upande wa jikoni, ikimweleza kupitia ukutani, kwa Kiswahili cha upole kama mtu anayemweleza mtoto.

"Padre, huyo si amekimbia mtihani. Amekimbia mimi. Ni mkwe yangu. Kwetu mkwe haoni mama mkwe hivyo. Hiyo ni heshima. Kama angebaki hapo amekaa, hapo ndio ungemnyima hiyo safari."

Kisha kichwa cha Padre kikatokea dirishani.

"Hamjakosana?"

"Hapana, Padre."

"Kwa miaka miwili?"

"Hatujawahi kukosana hata siku moja."

Alifunika uso kwa mkono mmoja. Nadhani alikuwa akizikumbuka zile Jumapili tatu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kabla sijajua kwamba anacheka. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilichelewa kuanza," nikasema, na huo ndio ulikuwa ukweli wote.

Akavuta kiti akaketi dirishani, akaegemeza viwiko. "Basi malizia hapohapo ulipo. Ulikuwa umefika regresara, yeye."

Nilikuwa nimesahau kila kitu, hata jina langu lilikuwa mbali. Nikatazama matope. Nikamfikiria mke wangu na punje zake za mahindi, na nikaanza tena kutoka mwanzo wa mstari, polepole, nikingoja punje inipige kichwani. Haikunipiga. Regresáramos. Regresarais. Regresaran. Nikapita, nikaingia kwenye hali ya kuamuru, nikaimaliza nikiwa nimesimama, majani ya sukuma wiki yamenishika magotini. Padre alisema neno moja tu, "Jumatatu tunaandika barua," akachukua chai yake. Nikakaa tena chini, safari hii kwa raha.

Lakini bado sikuwa na neno. Wiki ziliyeyuka, pasipoti ikaja, nguo nzito zikapatikana, na kila jioni nilimuuliza mke wangu kwa macho, naye akatikisa kichwa. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda misheni kumuaga Padre. Nilizunguka nyuma kama kawaida, choo, mtaro, michongoma. Nilipofika nyuma ya ukuta wa jikoni nilisikia mwiko ukisimama kwenye sufuria.

"Regresarás," sauti ikasema.

Nilisimama. Ilikuwa sauti yake, na r zake zilikuwa zimenyooka kuliko zangu. Kumbe miaka yote aliyowapikia mapadre alikuwa akisikia, na miezi mitatu ile nilipokuwa nikifundishwa kwenye veranda, dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Kwa Kiswahili hakuweza kunisemesha, wala kwa lugha ya mama. Lakini mila yetu haikuwa imefikiria Kihispania, na mama mkwe aliona huo mwanya kabla yangu. Utarudi, ameniambia. Hakuwa ameniuliza.

"Regresaré," nikauambia ukuta. Nitarudi. Mwiko ukaanza tena.

Kuhusu mwaka ule sina mengi. Baridi ilinitesa, pampu nilizielewa, na kweli maneno niliyaokota hukohuko, mengine afadhali ningeyaacha chini. Kulikuwa na fundi mmoja aliyeniambia nibaki, kuna kazi nzuri. Ilikuwa kazi nzuri kweli, sitadanganya, na nililala nayo siku mbili. Lakini kila nilipojaribu kupanga maneno ya kukubali, nilisikia mwiko ukisimama kwenye sufuria.

Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilishuka Bungoma na sanduku langu, mke wangu akanipokea na kulia na kunicheka mwili uliokonda, kisha akanisukuma: "Nenda kwanza kule. Hajalala wiki mzima."

Nikazunguka nyuma. Mtaro ulikuwa umepanuka, ua wa michongoma umekua, nikachanika shati jipya. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jikoni nikakohoa kidogo ili ajue kuna mtu.

"Regresé," nikasema. Nimerudi.

Ndani kuni zililia motoni. Halafu nikasikia pumzi ikishuka, ndefu, ya mtu aliyekuwa ameishikilia mwaka mzima.

"Regresaste," akajibu. Umerudi.

Mkono ukatokea kwenye dirisha la jikoni, mkono tu, ukaweka kikombe cha chai kwenye kizingiti na kurudi ndani. Nilingoja mpaka nyayo zake zikafika upande wa pili wa jikoni. Ndipo nikasogea, nikakichukua, nikainywa nimesimama nje, ikiwa bado moto.