Pakiti ya Kijani

Fundi kompyuta wa ghorofa ya tatu, pale sokoni Taipei, huongeza kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hatua moja tu, kisha huweka kiganja juu ya mashine na kusubiri, kama anayepima homa ya mtoto. RAM, kumbukumbu ya mashine, haigusi mpaka prosesa itulie. Mimi msaidizi wake nikimhimiza, hunicheka: "Una haraka ya wapi? Utaiunguza!" Kila mashine huitwika pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ili isigome, kama waaminivyo mafundi wa huko. Jana njaa iliponiuma, nilifungua pakiti moja nikatafuna. Feni za mashine zote dukani zikanyamaza. Fundi hakugeuka.

"Umekula vingapi, bwana mdogo?"

"Kimoja tu, mjomba."

Akaja, akaniwekea kiganja kifuani, akasubiri.

"Punguza kasi," akanong'ona.

Hakuwa akisema na mimi. Moyo wangu ukapunguza.