Nilichoma mifupa ya ng'ombe Geita kwa ajili ya utafiti, nusura nichomwe mimi

Wakuu habari za muda huu. Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni mtoto wa Didia, Usukumani, nimesoma kemia. Utafiti wangu wa masters ulikuwa kutengeneza hydroxyapatite. Msiogope jina. Ni calcium phosphate, madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa na meno yetu. Daktari anajazia unga wake pale mfupa ulipopungua, mfupa mpya unaota humo humo.

Kwa kuwa Usukumani ng'ombe hatujapungukiwa, niliamua kuutoa kwenye mifupa ya buchani.

Unachemsha mifupa, unatoa mafuta yote, unakausha, unachoma kwenye nyuzi joto kama mia tisa mpaka iwe myeupe, ndipo unasaga. Moto ukiwa mdogo inabaki myeusi ndani. Ukizidi sana, vile vitundu ambavyo seli zingejishikiza vinaziba.

Tanuru la chuo lilikuwa limekufa. (Fomu ya kuomba fundi nilijaza. Nadhani bado inasafiri.)

Nikaelekezwa kwa Baba Kulwa, mzee mmoja Geita anayepima dhahabu za wachimbaji. Ana tanuru. Nikapanda basi na gunia langu.

Mzee alinipokea vizuri. Mkupuo wa kwanza ulitoka mweusi, wa pili mweupe kama chaki. Nilifurahi peke yangu kama chizi.

Siku ya tatu mchana nikaona watu mlangoni, mbele yao mwenyekiti wa mtaa. Harufu ilikuwa imewafikia mama ntilie, na machimboni mtu akichoma mifupa, jibu ni moja tu: kafara.

Nikamwamkia mwenyekiti, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akauliza ile mifupa ni ya nani.

Hapo wakuu ndipo elimu iliponiponza. Badala ya kusema ng'ombe, nikaanza lecture. Madini, seli, vitundu. Nikamalizia kwa kujiamini:

"Ukishakuwa unga, unaingizwa kwenye mfupa wa mtu."

Jamaa mmoja nyuma akaokota jiwe. Mwingine akauliza kama kuna mwenye petroli.

Baba Kulwa akasogea taratibu. "Mwenyekiti, huyu ni mgeni wangu. Huu unga ni wa kupimia dhahabu."

Nyuso zikabadilika palepale. Nikaletewa kiti. Yule wa jiwe akauliza kilo naiuzaje.

Na mzee hakudanganya. Majivu ya mifupa ukiyafinyanga vikombe vidogo, ukayeyushia humo dhahabu chafu pamoja na madini ya risasi, kikombe kinaifyonza risasi na uchafu wake, juu inabaki punje safi. Shida ni kwamba mwenyekiti alitaka kuona.

Basi unga wangu wa miezi minne ya kuchemsha na kukausha mifupa ukafinyangwa vikombe mbele ya macho yangu. Punje ikang'aa, watu wakapiga makofi. Unga umejaa risasi, hata mfupa wa kuku huwezi kuuwekea. Nami nilipiga makofi, ningefanyaje?

Kwenye begi nilibaki na kichupa kimoja cha unga ule. Kikapimwa, kikaonekana ni hydroxyapatite safi kabisa, nikafaulu.

Nikakipeleka kwa daktari mmoja wa meno, anayejazia mifupa ya taya. Akakigeuzageuza, akasema kwa upole kwamba wagonjwa wake hawawezi kukubali kuwekewa mfupa wa ng'ombe, yeye anatumia unga wa kutoka nje. Akanionyesha boksi.

Nikasoma maandishi madogo ubavuni: umetengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Lakini hawa ni wa Ulaya," akasema.

Leo naishi kwa kutengeneza vikombe vya wapima dhahabu. Nilichojifunza ni kwamba ukiulizwa mfupa wa nani, taja mnyama kwanza, sayansi baadaye.

Madaktari mliomo humu, wagonjwa wenu huwa mnawaambia ule unga unatoka kwa nani? Karibuni, matusi pia napokea.