Kikohozi cha Ami Halis

Nyumbani aliitwa Tekin. Mtaani, na kwenye kila ukuta aliofika na kopo lake la rangi ya kupuliza, aliitwa Çivi, yaani msumari. Kutwa alipiga pasi suruali za watu asiowajua, kwenye karakana ya chini ya ardhi ambako mvuke ulimbabua mikono hadi viwikoni. Jioni alikuwa mtu mwingine. Jioni alikuwa mfalme wa Taşlıbayır, kilima cha nyumba za matofali yasiyopigwa lipu, nusu yake zimeshapakwa alama nyekundu za kubomolewa, na ufalme wenyewe ulikuwa ngazi moja ya mawe na vijana waliokaa juu yake. Msicheke. Kuna watu wazima wenye suti wanaotawala vitu vidogo kuliko hivyo.

Studio yao ilikuwa ghala la Ami Halis. Huyu alinunua makaratasi na maboksi chakavu kutoka kwa wale wanaozunguka mjini na mikokoteni yenye magunia makubwa, akayachambua, akayafunga marobota na kuyapanga mpaka darini. Vijana ndio waliogundua kwamba marobota yale yanameza mwangwi, na ukirapu katikati yake sauti inatoka safi kuliko kwenye studio ya kulipia. Ami hakuwafukuza. Aliwachemshia chai, akawapa mkate wa duara wenye ufuta, na akawawekea masharti mawili.

"Sura yangu isionekane kwenye simu zenu," alisema. "Na jina langu lisisikike kwenye makelele yenu. Baada ya hapo, pigeni kelele mpaka bati ling'oke."

Hakuna aliyeuliza sababu, maana mtaa mzima uliijua na mtaa mzima uliinyamazia. Kwao, kwenye milima ya mashariki mwa nchi, kaka yake aliua watu wa ukoo mwingine kwa ugomvi wa maji ya shamba, kisha akafia gerezani. Deni la damu likabaki kwa mwanamume wa mwisho wa nyumba ile, naye alikuwa Halis, aliyetoroka masharubu yakiwa ndiyo kwanza yanaota. Sasa alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi. Hata hilo Halis halikuwa jina alilopewa na wazazi. Lakini bado alikaa akitazama mlango, hakuhudhuria harusi, na gari geni likipanda kilima aliacha kazi mpaka lishuke.

Akiwa anachambua karatasi alikuwa na tabia ya kuvumisha wimbo puani, bila maneno, wimbo mzito unaopanda na kukatika ghafla. Siku moja Tekin alimaliza kurekodi akasahau kuzima kinasa sauti. Kesho yake kazini, mvuke ukimzunguka, akasikiliza kwa visikizi, akasahau pasi mkononi. Ami alikuwa amevuma kutoka nyuma ya marobota, sauti imetoka yote, na katikati akakohoa, kile kikohozi chake kirefu cha vumbi la karatasi.

Tekin aliikata ile sauti, akairudisharudisha, akaiwekea ngoma chini. Yavuz, rafiki yake aliyekuwa akipiga picha na kupandisha video mtandaoni, alikunja uso.

"Kikohozi kitoe, kaka. Watu watadhani tumerekodia hospitali."

"Ukikitoa hicho, wimbo umekufa. Sikiliza kinavyodondoka pale pale ngoma inapotakiwa."

"Wewe una wazimu."

"Ndiyo maana wanakuja kunisikiliza mimi na siyo wewe."

Wakakiacha. Na masharti ya Ami waliyashika, hilo lisemwe kwa haki. Hakuna sura yake kwenye ile video, hakuna jina lake kwenye mashairi. Tekin alijiambia hajamwomba ruhusa kwa sababu anataka kumshtukiza kwa furaha. Ukweli ni kwamba aliogopa kuambiwa hapana, na kijana aliyeshika kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika hataki kuambiwa hapana.

Video ilionyesha kila kitu kingine. Ngazi, alama nyekundu ukutani, msikiti wenye kuba la bati, mkahawa wa chai chini ya kilima na bango lake. Msanii anayeficha mtaa wake hana heshima kwa wenzake, huo ndio mwiko wao, kwa hiyo Tekin aliutaja Taşlıbayır mwanzoni na mwishoni, akiupigia kifua.

Wimbo ukashika moto. Ukatoka kilimani, ukavuka mlangobahari, ukafika miji ambayo Tekin aliisikia tu kwenye taarifa za hali ya hewa. Watoto wa mtaa wakakifanya kile kikohozi kuwa salamu. Ukikutana na mwenzako unakohoa, naye anakujibu, kisha mnacheka. Ami Halis, ambaye simu yake ilikuwa ya vitufe na hakujua lolote, alishangaa sana.

"Hawa watoto nimewaambukiza?" akamuuliza Tekin. "Kila ninayempita ananikoholea."

"Wanakuheshimu, Ami."

"Heshima gani hiyo ya kifua kikuu!" Akacheka mpaka akakohoa kweli.

Chini ya video watu waliandika sifa kwa maelfu. Katikati ya sifa, mmoja akaandika: Hii sauti naijua, bibi yangu aliniambia ni nani aliyelia hivi. Mwingine asiye na picha akaandika kwa adabu: Huyo mzee anayevuma ni nani? Mungu amzidishie umri. Tekin, roho kwatu, akamjibu mwenyewe kwa mkono wake: Ni ami yetu wa mtaa, yupo, mzima kama chuma.

Jumapili akamsikilizisha mama yake. Mama Şaziye alikuwa anasukuma unga kwa mti wake mwembamba, na Tekin akaiweka simu kando ya unga. Mama alikuwa mtu wa kule kule mashariki, aliletwa mjini akiwa bi harusi. Ngoma zilipoanza alitabasamu kwa kumridhisha mwanawe. Ule mvumo ulipopanda, mti ukasimama.

"Zima."

"Mama, bado haijafika kwenye—"

"Zima, nimesema! Umeitoa wapi hiyo?"

Tekin akamwambia. Mama akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Kule kwetu kila nyumba yenye msiba ina kilio chake," alisema. "Mwanamke anakitunga, na kinabaki cha nyumba ile, hakiazimwi. Hicho mama yake Halis alikilia siku tatu juu ya kaburi la mumewe. Mimi nilikuwa mtoto, nikakisikia toka ng'ambo ya bonde. Kila mtu wa kule anakijua, Tekin. Na wale pia wanakijua."

"Lakini sijamtaja! Hata uso wake—"

"Uso wake nani anaukumbuka? Uso umeshakuwa wa mtu mwingine. Ulichowapelekea ndicho kitu pekee kilichobaki kilekile."

Tekin aliifuta video pale pale, lakini wimbo ulikuwa umeshanakiliwa na watu chungu nzima, na akiutafuta uliibuka kila mahali, na kikohozi chake. Akateremka ngazi mbio kwenda mkahawani kumtafuta Yavuz.

Yavuz alikuwepo, amekaa na wageni wawili, uso unang'aa.

"Huyu hapa! Huyu ndiye Çivi mwenyewe. Kaka, hawa wametoka mbali, wanataka kukuona."

Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye tasbihi ya kaharabu, mwingine kijana wa rika la Tekin, mnene, asiyeongea. Viatu vyao vilikuwa visafi mno kwa kilima kile. Mtu mzima akasimama, akamshika Tekin mkono kwa mikono miwili, akamwagizia chai.

"Mashallah, mwanangu. Una kipaji. Hata mimi mzee nimesikiliza."

"Asante, Ami."

"Na ile sauti ya nyuma, imetugusa sana. Mwenyewe yuko wapi tumpe salamu?"

Tekin akanywa chai ikiwa moto, ikamuunguza, akashukuru kuungua kwa sababu kulimpa nafasi ya kufikiri.

"Hakuna mwenyewe. Nimeitoa kwenye kanda ya zamani. Nilinunua sokoni."

Mtu mzima akatabasamu vizuri kabisa, akavuta punje moja ya tasbihi.

"Kanda. Sawa. Lakini tumeambiwa mtaani hapa kila mtu anakikohoa kile kikohozi cha mzee wenu."

Tekin akamtazama Yavuz. Yavuz, masikini, alikuwa bado anatabasamu.

Tekin alitoka mkahawani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, akapinda kona, kisha akakimbia. Ami Halis alikuwa anafunga robota. Tekin alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea, na alipomaliza alilia waziwazi, kwa sababu aliona aibu, na kwa sababu alimpenda yule mzee.

Ami hakumkemea. Alikaa juu ya robota na kuomba kuusikia wimbo. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, mkono kwenye goti.

"Mama hakuwa akikiharakisha hivi," alisema. Kisha: "Umetengeneza vizuri. Nikuambie uongo wa nini?"

"Ami, ondoka. Sasa hivi. Mimi ndiye—"

"Ondoka kupitia wapi? Huku nyuma wameshavunja nyumba zote, ni shimo na uzio. Barabara ni ile ya mkahawani."

"Hawakujui uso. Wewe mwenyewe unajua hawakujui. Tutapita mbele yao kama watu wengine, basi la mjini linasimama pale pale. Usiseme neno. Na usikohoe."

Ami akavaa koti la baba yake Tekin lililochukuliwa haraka nyumbani, akavaa kofia ya sufu, akaweka bonge la sukari chini ya ulimi ili koo lisikauke. Hakubeba chochote. Kwenye mlango wa ghala aligeuka kutazama marobota yake, akazima taa, akamrushia Tekin ufunguo.

"Chai iko kwenye kopo la bluu," alisema. "Haya, twende."

Lilikuwa jua kali la majira ya majani kupukutika, na vumbi la nyumba zilizovunjwa lilining'inia hewani. Tekin alitangulia hatua chache. Wale wawili walikuwa wamehamia meza ya nje, wamegeuzia viti vyao barabarani. Ami alishuka polepole, bega limelegea, mzee kama wazee wengine wanaokwenda mjini. Mwenye tasbihi akamtazama, akamwacha, akatazama mtu mwingine. Basi lilikuwa linaonekana, linakunja kona ya msikiti. Tekin akaanza kuamini.

Lakini alikuwa amesahau jambo moja, na alilisahau kwa sababu alilizoea. Çivi akipita kwenye ngazi, vijana wake lazima wampigie wimbo wake. Ndiyo adabu ya mtaa. Walimwona, wakashangilia, na mmoja akawasha spika kubwa aliyokuwa ameipakata. Ngoma zikadunda hadi kwenye vioo vya mkahawa. Kilio cha mama yule kikapanda juu ya paa za Taşlıbayır, na Tekin akapunga mikono, akapitisha kidole shingoni, zimeni, zimeni, nao wakadhani anacheza, wakaongeza sauti.

Nyuma yake alimwona Ami Halis amebadilika rangi. Vumbi lilikuwa limemkaba. Midomo ameibana, kifua kinaruka ndani ya koti la mtu mwingine, machozi yanamtoka.

Wimbo ukafika pale panapojulikana. Ngazi nzima ikakohoa kwa pamoja, kama ilivyozoea, na Ami, aliyekuwa na akili kuliko wote waliokuwepo, akakiachia cha kwake ndani ya vyao. Hakuna ambaye angekitofautisha. Tekin alifumba macho kwa shukrani.

Vijana wakamaliza, wakacheka. Ami hakumaliza.

Kiliendelea, kile kile, kirefu, kinachopanda na kukatika, huku wimbo umeshapita mbele. Tekin akaanza kukohoa naye. Akakohoa kwa nguvu zake zote, akijipiga kifua, akijisogeza katikati ya barabara kati ya yule mzee na ile meza, akakohoa mpaka akaonja damu kooni. Vijana wakampigia makofi. Yavuz akainua simu na kuanza kumpiga picha.

Mlango wa basi ukafunguka. Mwenye tasbihi akaitia tasbihi yake mfukoni, akamgusa yule kijana mnene begani, na wote wawili wakainuka, bila haraka, wakampita Tekin kila mmoja upande wake.