Fulana Thelathini za Shimba

Simpendi Obedi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimejificha nyuma ya maneno mazuri. Miaka minne tumefanya kazi chumba kimoja, kwenye duka la uchapaji hapa Pasiansi, yeye kwenye kompyuta, mimi kaunta na kwenye mashine ya joto inayobandika picha kwenye fulana. Ni mtu mrefu, mkavu, anakunywa chai bila kumkaribisha yeyote. Akipiga chafya anakutazama wewe, kana kwamba ndiye uliyemwambukiza.

Lakini mkono anao, hilo sibishi. Kilichompa sifa ni maandishi ya maji. Anachukua jina, analiandika kwa herufi nene kwenye programu ya picha, halafu ndani ya herufi anaingiza picha ya ziwa aliyoipiga mwenyewe asubuhi, kabla upepo haujalichafua. Pembeni anazilainisha herufi zivimbe. Juu kushoto anaweka mwanga, chini kulia kivuli. Kisha yanakuja matone. Matone aliyapiga picha nyumbani kwake, kwenye mfuniko wa sufuria, na anayapanga moja moja kwa mkono mpaka unaona jina linataka kudondoka kwenye meza. Watu wanatoka hadi Kigongo kuyafuata. Kwaya, saluni, timu za mpira, maharusi, wote wanataka maji ya Obedi.

Nami nilitaka kujifunza. Nilimwomba kwa adabu, tena nikamletea na maandazi. Maandazi alikula. Halafu akageuza kioo cha kompyuta upande wa ukutani, na tangu siku hiyo kila akimaliza kazi anaziunganisha leya zote, zile tabaka za picha zilizopangwa juu kwa juu, kuwa picha moja kabla ya kuihifadhi, nisije nikaifungua nikaona alivyoijenga. Mwezi wa tano, mbele ya wateja watatu, bango moja lilitoka na rangi mbaya. Kosa lilikuwa la mashine. Yeye akasema, "Msimuulize huyu, huyu ni wa kupasi tu." Wateja wakacheka. Sikumjibu siku hiyo, wala siku iliyofuata, na yeye hakuhangaika kunitafuta.

Tukaacha kusemeshana. Mteja akija, mimi naandika karatasi: jina, tarehe, idadi, saizi. Naichoma kwenye msumari uliopo ukutani katikati yetu. Yeye anaichukua, anafanya, anaichapa picha kwenye karatasi zake za kuhamishia picha kwenye fulana, ananiwekea kwenye mashine. Mimi napasi. Kazi ilienda hivyo miezi mitano na mwenye duka hakugundua, maana fulana zilitoka na wateja waliridhika. Tulikuwa tunajivunia ujinga huo, kila mmoja kwa upande wake.

Jumatano moja akaja Bernadeta, mjane kutoka ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Alikaa kwenye benchi langu akanipa picha ya mumewe, Shimba, amecheka mpaka macho yamefumba. Jumamosi ilikuwa misa ya kumaliza mwaka tangu afariki. Alitaka fulana thelathini, za ukoo mzima, zenye picha, jina na tarehe. Nilimpa pole. Nilipomuuliza aliugua nini, akaniambia hakuugua. Mtumbwi ulipinduka, na walimtafuta siku tatu. Alieleza taratibu, nikamshika mkono, nami machozi yakanitoka. Hayakuwa ya uongo.

Kisha nikaandika karatasi: Shimba, tarehe, thelathini, saizi. Basi. Karatasi yetu haina mahali pa kuandika mtu alikufaje, na mimi sikuongeza mstari. Hapo naapa nilisahau tu.

Alhamisi asubuhi karatasi ya kwanza ya kuhamishia ilikuwa kwenye mashine yangu. Uso wa Shimba unacheka, na chini yake jina lake, lote maji. Matone yamening'inia kwenye kila herufi, na moja limeshateleza hadi kwenye tarehe. Haikuwa kazi ya kulipua. Nadhani ile picha ilimgusa, akaitengeneza kwa moyo, maana sijawahi kuona maji yake yakiwa hai namna ile.

Nilisimama. Obedi alikuwa hatua nne kutoka kwangu, amenipa mgongo, anatafuna njugu. Sentensi moja ingetosha. "Obedi, huyu alizama." Maneno matatu. Fulana zilikuwa bado nyeupe, muda ulikuwepo.

Nikafikiria wale wateja waliocheka. Nikafikiria maandazi. Nikajiambia, kesho mjane akija kuzichukua nitaiona sura ya Obedi. Nikaiweka fulana ya kwanza kwenye mashine, nikabana. Nilipasi thelathini bila kuunguza hata moja.

Ijumaa saa tisa Bernadeta akaja na shemeji yake, Masalu, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Obedi hutokea mara chache mbele ya wateja, lakini siku hiyo alitoka mwenyewe. Akaichukua fulana ya juu akaitandaza kaunta.

"Mama, shikamoo. Kazi kama hii sijawahi kumfanyia mtu."

Bernadeta aliinama juu ya fulana. Akashika pindo la kitenge chake, akaanza kufuta lile tone lililoteleza kwenye tarehe. Akafuta tena.

"Toeni haya maji," alisema.

Obedi akatabasamu, akadhani mama anaipima rangi. "Hayatoki hayo, mama. Hata ufue mara mia."

Masalu akamsogeza mjane pembeni taratibu, akaitazama fulana. "Kijana," alisema, "mdogo wangu tulimtoa majini siku ya tatu. Ninyi mmemrudisha."

Sura ya Obedi niliyokuwa naisubiri nikaiona. Ilibomoka kabisa. Niliitazama sekunde moja tu, nikageukia mashine.

"Sikujua," alisema. "Wallahi, mzee, sikujua. Karatasi haikusema."

"Huyu nilimwambia." Bernadeta alikuwa ananielekezea kidole mimi. "Nilimwambia yote. Alinishika mkono, akalia na mimi."

Obedi akanigeukia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mwezi wa tano.

"Mboni, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaona nilichokifanya, ukapasi?"

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa na majibu yangu tayari, ya miezi mitano, nimeyanoa. Hakunitukana. Alienda kwenye kompyuta akakigeuza kioo kutoka ukutani ili mjane aone, akafungua ukurasa mweupe, akaandika jina kwa herufi nyeusi za kawaida. "Hivi, mama?" Bernadeta akaitikia kwa kichwa.

Nikasogea kuwasha mashine.

"Huyu asiguse," Bernadeta alisema. Hakupaza sauti. "Jina la mume wangu asiliguse tena."

Nikatoka nje, nikasimama mlangoni. Dukani fulana nyeupe zilikuwa zimebaki kumi na tisa tu, na mzigo mwingine ungekuja Jumatatu. Obedi hajui kupasi. Mbili za kwanza aliziunguza. Nikapiga kelele kutoka mlangoni, "Sekunde arobaini na tano, usizidishe!" Hakuna aliyegeuka, lakini ya tatu ilitoka salama. Ndani nilimsikia Bernadeta akihesabu na shemeji yake nani atakosa. Wajukuu wa shangazi walikosa. Mama mkwe alipata. Kwa watu kumi na tatu hapakuwa na kitu, na Bernadeta alisema basi na yeye mwenyewe hatavaa, apewe binti yake.

Waliondoka na fulana kumi na saba kuwahi kivuko. Walipopita mlangoni nikamwambia Masalu zile thelathini ziko kaunta, na kwamba ninaomba msamaha.

"Hizo ni zako," alisema, akaendelea kutembea.

Obedi siku hizi ananisalimia kila asubuhi. Juzi aliniita akanionyesha jinsi anavyoweka mwanga na kivuli, leya moja baada ya nyingine, bila kuficha kitu. Nilitazama nikashindwa kushika hata moja. Fulana ziko kwangu, ndani ya boksi, chini ya kitanda. Siwezi kumpa mtu avae. Kuzikata matambara nifutie meza siwezi, kuna uso wa mtu. Nilitaka kuzichoma, nikaishia kusimama uani na kiberiti mkononi. Usiku huwa nalala juu ya Shimba thelathini, wote wanacheka, wote wamelowa, na aliyewalowesha ni mimi.