Pilipili kwenye Goti la Lenah

Mwaka wa tisini na sita goti la Lenah liligoma, na majirani hapa mtaani Laini Saba wakaanza kumzika akiwa hai. "Rudi kwenu Kakamega ukapumzike," walimwambia. Kupumzika! Watoto wake wangelishwa na nani, wao?

Alikuwa anafua nguo na kusugua sakafu kwa Mama Wamuyu, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha kule Kawangware. Siku moja Mama Wamuyu alimwona akichechemea. "Lenah, nakupa wiki tatu. Ukishindwa kupiga magoti, nachukua mwingine."

Mimi Joan, jirani yake wa ukuta mmoja, nilimwona akitwanga pilipili kavu, akachanganya na mafuta ya kujipaka, akapaka goti. Halafu akafanya kosa letu sisi Waluhya: kila maumivu lazima yakandwe kwa maji moto. Akaweka kitambaa cha moto juu ya pilipili. Woi! Nduru aliyopiga ilisikika hadi relini. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Tukakimbilia kwa Okello wa duka la dawa, naye hakucheka. "Pilipili haijakuunguza, mama. Inadanganya mishipa ya fahamu kwamba kuna moto, na wewe ukaongeza moto kweli. Itoe kwa mafuta, maji hayaiwezi. Ukipaka kidogo kila siku, mishipa huchoka kupeleka habari za maumivu. Lakini goti lenyewe halitengenezeki hivyo."

"Basi ichoke," Lenah akasema. "Mimi sichoki."

Alipaka asubuhi, mchana na jioni, ameuma meno. Wiki ya kwanza alilia kama mtoto. Nilimwomba aache, akaniambia, "Joan, nyamaza, nipe hiyo chupa ya pilipili." Wiki ya pili ule moto ukapungua. Ya tatu, akachuchumaa kuwasha jiko na hakuguna.

Siku ilipofika nilimsindikiza Kawangware. Tulikuta mwanamke mwingine amesimama kwa mlango, brashi mkononi. Lenah hakumsalimia mtu. Alichukua ile brashi, akapiga magoti, akasugua sebule yote na veranda, kisha akasimama bila kushika ukuta.

"Kumbe umepona?" Mama Wamuyu akauliza.

"Sijapona. Lakini hii kazi ni yangu. Mwambie huyu aende nyumbani."

Mama Wamuyu akamwambia.